Jina Lisiloombwa

Kwa asiyenijua, mimi ni Zubeiri, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Mwakilemba, kijiji kidogo pembeni mwa barabara iendayo Horohoro. Walimu wanne, madarasa saba, choo kimoja chenye mlango.

Nimekwisha kuungama hapa kwamba Tuhfa, binti wa Kipemba aliyetujia bila karatasi ya uhamisho, nilimfanyisha mtihani wa darasa la saba kwa jina na namba ya Mwanasiti Safari. Na Mwanasiti tulikuwa tumemzika.

Tuhfa akafaulu. Tena hakufaulu kidogo, alikuwa wa kwanza kata nzima. Mkasikia wiki jana jinsi Mwalimu Ernesti, afisa elimu wetu wa kata, alivyolisoma jina lile kwa kipaza sauti kwenye kikao cha wadau wa elimu, akataka mzazi wake apite mbele.

Akasimama Mwamvua, mama wa marehemu. Alikuwa nyuma kwenye masufuria, maana ndiye aliyekuwa mpishi wa kikao, na mwiko wa pilau ulikuwa mkononi.

Nilidhani atapiga ukelele. Wallahi nilitamani apige, yaishe.

Hakupiga. Aliuweka mwiko juu ya mfuniko, akafuta mikono, akapita mbele taratibu.

"Hongera sana, Mama Mwanasiti!" Ernesti alimkabidhi doti ya kanga na mche wa sabuni. Alitabasamu hadi magego. Ernesti ni mtu wa Muheza, anaishi Pongwe, watoto wa Mwakilemba anawajua kwa idadi tu.

"Ahsante," alisema Mwamvua.

"Una neno kwa wazazi wenzako?"

Ukumbi mzima ulikuwa wa wageni. Kutoka kijijini kwetu tulikuwa watatu tu: mimi, yeye, na mzee Rama, mwenyekiti wa kamati ya shule. Mzee Rama alikuwa anaangalia viatu vyake kama kavinunua leo.

"Sina neno," alisema Mwamvua. "Neno analo mwalimu."

Watu wakapiga makofi. Walidhani ananisifu.

Kisha akanyanyuliwa yule kinyago. Mnamkumbuka, lile dude la mpingo lenye masikio mapana, linalopewa shule iliyoshika mkia. Mwaka mzima alikaa juu ya kabati langu akinitolea ulimi, kila mgeni akiingia anamsalimia yeye kwanza. Siku ile alihamishiwa shule ya ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kama mwezi wa Idi, na ilipofika sikuiona ladha yake.

Pilau ikapakuliwa. Sahani yangu aliileta Mwamvua mwenyewe. Ilikuwa na nyama nyingi kuliko ya diwani.

"Kula, mwalimu," aliniambia. "Umefundisha."

Sikula.

*

Jumatatu asubuhi alikuja ofisini. Mwamvua ni mdogo wangu kwa miaka kumi na tano, na hajapata kunipita bila kuniamkia. Siku ile hakuniamkia. Alivuta kiti, akakaa, akaiweka ile doti mezani ikiwa bado imekunjwa. Maandishi yake yalikuwa juu: *Nani kama Mama*.

"Miaka miwili kasoro mwezi," alisema, "hakuna aliyeniita Mama Mwanasiti. Wananionea haya. Mwamvua, Mwamvua, kila mtu Mwamvua. Juzi nikaitwa kwa kipaza sauti."

"Mama Mwanasiti..."

"Leo umeweza?"

Nikaanza kupanga karatasi zilizokwisha pangwa.

"Nataka unieleze. Mwanangu kafanyaje mtihani?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu usiku. Nimepanga ya huruma, ya dini, ya serikali. Yote yakanikimbia, likabaki moja tu, lile tunalolitumia sisi maofisini kila siku bila kulifikiria.

"Amerithiwa," nilisema. "Kuna mtoto amerithi jina lake."

Msije mkaniuliza kwa nini nilichagua neno lile. Kwa walimu, kurithi ni kazi ya dakika mbili. Mtoto hana namba ya usajili, mwingine ameacha shule na namba anayo, basi yule anamrithi huyu. Ernesti mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango siku nilipompelekea habari ya Tuhfa. "Rithisha tu, mwalimu," alisema. Hakuuliza namba ni ya nani, wala sikumwambia. Watoro wangu watatu walikuwa wote wavulana. Namba ya kike iliyokuwa wazi ilikuwa moja.

Lakini Mwamvua si mwalimu. Kwake neno lile lina uzito mwingine, na kwangu pia, ningekuwa nimekumbuka kwamba mimi ni mtoto wa pwani kabla ya kuwa mwalimu mkuu. Kwetu jina la maiti haliokotwi. Huendewa. Wanawake wawili watatu huvaa, wakachukua udi na kanga, wakenda kwa wenyewe kuliomba. Wenyewe wakiridhia inasomwa Fatiha, na tangu siku hiyo mtoto aliyelirithi ana mama wawili.

Mwamvua aliisogeza doti kando.

"Karithi?" aliuliza. Sauti yake haikuwa ya ukali, nami hilo ndilo lililonikata maini. "Nani alikuja kuomba?"

"Hakuna."

"Nani alikuja kwangu na udi, mwalimu?"

"Hakuna aliyekuja."

"Basi hakurithiwa. Kaibiwa."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Nionyeshe daftari."

"Daftari gani?"

"Lile unaloitia majina. Nataka nimuone mwanangu akisoma."

Ningeweza kusema limefungiwa. Ningeweza kusema liko kata. Nimesema uongo mwingi katika kazi hii, mmoja zaidi usingenishinda. Nikainuka, nikalitoa daftari la mahudhurio la darasa la sita, darasa lililokuwa langu mimi mwenyewe, nikamfungulia.

Mwamvua alisoma mpaka la nne, jina la mwanawe analijua. Akaweka kidole pale, akakivuta taratibu kwenye mstari. Vema, vema, vema. Mwanasiti yupo. Mwanasiti yupo.

"Mwezi gani huu?"

"Januari."

"Huyo mtoto wa Kipemba alikuja lini?"

Hapo nikajua nimekwisha.

"Alikuja masika."

"Mwanangu alikufa Desemba. Mtoto huyu kaja masika. Na hizi vema za kaskazi ni za nani?"

Nyinyi msomao, nina haya nanyi. Wiki zote zilizopita niliwaambia nilifanya kwa ajili ya Tuhfa, kwamba nilimuhurumia mtoto mwenye akili asiye na karatasi. Mkanionea imani, najua wapo walionionea imani. Niliwadanganya. Nilianza kumtia Mwanasiti vema miezi miwili kabla sijamjua Tuhfa wala mama yake.

Nilifanya kwa ajili ya idadi. Darasa lilikuwa na watoto ishirini na wanne pamoja na Mwanasiti, na kata ilikwisha kutuonya: wakipungua hao, tutaunganishwa na shule ya ng'ambo, na watoto wa Mwakilemba watavuka mto kwenda na kurudi, mvua na jua. Ruzuku huja kwa vichwa. Walimu huja kwa vichwa. Basi nikakihesabu na kichwa kilicho chini ya udongo. Sikukata jina. Nilisema nitalikata kesho, kesho ikawa wiki, wiki ikawa Tuhfa.

Kidole cha Mwamvua kilikuwa kimesimama.

"Hii tarehe naijua," alisema. "Ilikuwa arubaini yake."

Nikaangalia. Vema.

"Ulikuja kwenye hitima, mwalimu. Ulikaa barazani na kina Rama. Ulikula halua yangu."

"Nilikuja."

"Na asubuhi ya siku hiyo ulimwita?"

"Nilimwita."

"Akaitika?"

Mkono huu ulitia udongo mara tatu kaburini kwa Mwanasiti, na mkono huuhuu ukatia vema. Nililia mbele yake. Hakunibembeleza, wala sikustahili kubembelezwa. Alilifunga daftari vizuri, kama mtu anayefunika chakula.

"Huyo mtoto anakaa wapi?"

*

Wanu, mama yake Tuhfa, anauza maandazi karibu na mashine ya kusaga. Nilimkimbilia kumtangulia Mwamvua, lakini mwanamke mwenye jambo hatanguliwi. Nilipofika, doti ya kanga ilikwisha kufunguliwa, na Wanu alikuwa amesimama, mikono yote ina unga.

"Mwalimu!" alinipokea. "Mie ulin'ambia ni jina la skuli. Hukun'ambia ni jina la maiti!"

"Bi Wanu, nisikilize..."

"Kijana wangu umemvisha sanda, mwalimu! Mwaka na nusu anaandikwa kwa jina la mtu aliyekufa, na mie nimekaa hapa nakaanga maandazi nashukuru! Keshokutwa tunarudi Wete. Skuli yenyewe siitaki tena!"

Tuhfa alikuwa mlangoni. Ni mtoto mwembamba, mkimya, anayejibu swali baada ya kulizunguka kwanza. Sikupata kumsikia akipandisha sauti mpaka siku ile.

"Sendi Wete," alisema.

"Unasemaje we?"

"Mama, mtihani niliufanya mimi. Jina lilikuwa la mwenzangu, lakini usiku na kibatari nilikuwa mimi." Akamgeukia Mwamvua. "Nilikuwa sijui kama amekufa. Nilidhani kahama, darasani hawamtaji. Nikikutana naye nilitaka nimshukuru."

Mwamvua alimtazama toka utosini hadi miguuni. Nilidhani atamrudishia maneno. Akachukua kanga moja ya ile doti, akamtupia mabegani.

"Mwenzio alikuwa hajui hesabu kabisa," alisema. "Angekucheka."

Akaondoka. Wanu akakaa chini kwenye kigoda, akalia kwa kwikwi. Nami nikasimama pale kati ya maandazi, mwalimu mkuu mzima, sina hata mtu wa kumfariji.

*

Jioni Ernesti akapiga simu.

"Mwalimu Zubeiri, Jumatano unapata ugeni wa wilayani. Mtoto wako amechaguliwa shule ya bweni, ya vipaji maalumu. Wanakuja kuhakiki. Wanataka cheti cha kuzaliwa, mzazi, na mtoto mwenyewe."

"Mwalimu Ernesti, lile jambo la kurithi..."

"Jambo gani?"

"La namba. Tuliongea ofisini kwako."

Nilimsikia akifunga mlango.

"Mimi sijui habari ya kurithi," alisema taratibu. "Ukiwa na lako, sema ni lako. Mimi nina watoto wanne na mkopo. Na usisahau, mwalimu, wakigundua hawafuti matokeo ya mmoja. Wanafuta shule nzima."

Shule nzima, yaani watoto ishirini na watatu waliosoma kwa taa za mafuta, ambao hawakurithi wala kurithishwa. Na baada ya hapo kinyago atarudi. Hapana, hata kinyago hatarudi, maana hakutakuwa na kabati la kumweka. Shule itafungwa, watoto watavuka mto.

Mke wangu, Saleha, alikuwa amesikiliza yote. Nilimuuliza nifanye nini.

"Miaka miwili unalala na jambo hili ubavuni mwangu," alisema, "leo ndiyo unaniuliza?"

"Nisaidie, Saleha."

"Umechelewa, lakini adabu haina kuchelewa. Vaa."

Akatoa udi wake wa harusini, ule aliomwekea binti yetu. Akatoa kanga mpya. Tukaenda kwa Mwamvua sote wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Habari zina miguu, na watu wa kijiji walikuwa wamekaa mabarazani kutuangalia. Kila aliyeniamkia niliona ananidhihaki.

Mwamvua alitukaribisha. Saleha akaweka sinia chini, akapiga magoti.

"Dada, tumekuja kuomba," alisema. "Tumekuja nyuma ya wakati, na tunajua hivyo. Tunaomba jina."

Mwamvua aliushika udi, akaunusa.

"Mnaniomba jina," alisema, "au mnaniomba nidanganye?"

Saleha akanitazama. Swali lilikuwa langu.

"Vyote viwili," nilisema. Lilikuwa neno la kweli la kwanza nililosema tangu mambo haya yaanze. "Jumatano wakikuuliza, useme Tuhfa ni mwanao. Nakuomba kwa ajili ya watoto."

"Kwa ajili ya watoto?"

"Na kwa ajili yangu."

"Hapo sawa." Alilisogeza sinia kando, hakulikataa wala hakulipokea. "Jina nimempa. Nilimpa tangu kwa mama yake, na kanga. Amerithi, na Fatiha nimesoma mwenyewe. Lakini uongo juu ya kaburi la mwanangu siusemi, mwalimu. Nitasema la kweli tu, hilo hilo moja. Mengine utajua wewe."

"La kweli lipi?"

"Nendeni mkalale."

*

Jumatano saa nne wakaja. Mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani, faili kwapani, na dereva. Ernesti alikuja nyuma kwa pikipiki, akasimama mbali kidogo nami, kama mtu asiyenijua.

Mwamvua alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amevaa baibui lake jeusi na kanga ile ya pili ya doti. Alikuwa na bahasha.

"Wewe ndiye mama mzazi wa Mwanasiti Safari?" aliuliza afisa.

"Ndimi."

Akatoa cheti cha kuzaliwa. Afisa akavaa miwani, akalinganisha majina, akatia alama ya vema. Nikaitazama ile vema. Ernesti akashusha pumzi nikaisikia.

"Hongera, mama. Umezaa kichwa. Mtoto mwenyewe yuko shuleni?"

"Hayuko shuleni."

"Yuko wapi?"

"Si mbali. Twendeni."

Tukafuatana. Yeye mbele, afisa nyuma yake, kisha mimi, kisha Ernesti akijifuta jasho. Mzee Rama alituona kutoka barazani kwake, akaingia ndani akafunga mlango.

Njia ya kijiji chetu hugawanyika kwenye mashine ya kusaga. Ukishika kushoto ni hatua ishirini tu kwa Wanu. Ukishika kulia unapita nyuma ya msikiti, huendi kwingine ila makaburini.

Kushoto nilimuona Tuhfa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa sare za shule, na kanga mabegani. Mama yake alikuwa nyuma yake, amemshika mkono. Masanduku yalikuwa nje, yamefungwa kamba. Sikujua ni ya kwenda bweni au ya kurudi Wete.

Mwamvua akasimama pale penye njia panda.

"Mbona tumesimama?" aliuliza afisa.

Mwamvua akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya pilau, akaniamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Miye langu nimelisema, na la kweli. Ni mwanangu." Akasogea pembeni, akaniachia njia. "Yuwapi, hilo wewe ndiye ulikuwa ukiliandika kila asubuhi. Tangulia, sisi tunakufuata."